Darubini Haifutwi kwa Pindo la Shati

Mtu aiachaye lami ya kutoka Embu kwenda Kiritiri na kushika njia za mashambani pande za Gachoka wakati wa kiangazi, hafiki mbali kabla nguo zake hazijabadilika rangi. Vumbi la nchi hii ya Mbeere ni jekundu na laini, na ndani yake mna chembe za mchanga ambazo jicho halizioni lakini jino huzitambua mara moja. Vumbi hilo huingia katika saa, katika redio na katika kufuli za milango. Tena huingia katika chombo ambacho zamani kilikuwa cha maofisa na wawindaji tu, nacho ni darubini ya macho mawili.

Siku hizi chombo hicho huonekana mikononi mwa watu wa namna nyingi. Askari wa wanyamapori anacho. Bwana Shamba hukitumia kuwatazama ndege waharibifu. Vijana waongozao wageni hukivaa kifuani kama daktari avaavyo kipimo chake. Na wako wakulima waliochanga fedha wakanunua kimoja cha kushirikiana. Nimeulizwa mara kadhaa namna ya kukisafisha, na kila mara jibu langu la kwanza limekuwa neno ambalo muulizaji hakulitazamia: kwamba katika darubini mbovu nilizopata kuzishika, nyingi ziliharibiwa na mikono ya watu waliokuwa wakizisafisha.

Huenda msomaji wa mahali pengine akadhani darubini ni kitu cha anasa. Kwa mkulima anayepakana na Hifadhi ya Mwea si hivyo hata kidogo. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1976, nayo iko katika nchi ya chini ya Mbeere, pale mto Thiba unapokutana na mto Tana, kando ya maji yaliyokusanywa na bwawa la Kamburu lililokamilika mwaka 1974. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 42 hivi. Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) lilieleza mwaka 2024 kwamba hifadhi hiyo ingeweza kuwalisha ndovu 50 tu, lakini walikuwamo 156; na katika mwezi wa Oktoba mwaka huo kazi ya kuwahamisha ndovu wapatao 50 kuwapeleka Aberdare ilifanywa. Hesabu hiyo kila mtu aweza kuifanya mwenyewe: waliobaki walikuwa bado mara mbili ya kiasi kifaacho.

Basi mfikirie mkulima asimamaye kwenye ukingo wa mtama wake jua likizama. Mbele yake, ng'ambo ya bonde, kuna kitu cheusi. Je, ni kichaka, au ni ndovu? Akijua wakati kitu kile kingali mbali mwendo wa kilomita moja, anao muda wa kuwapigia simu askari, kuwaita majirani, na kuwazuia watoto wasipite njia ya mtoni. Akijua wakati kimefika hatua hamsini, jambo lililobaki ni kukimbia.

Na wako kwelea. Ndege huyu ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, na chakula chake cha siku moja ni gramu 10 za nafaka, kiasi ambacho hakimtii mtu yeyote hofu. Lakini kwelea haji peke yake. Kundi la ndege milioni 2 hula tani 20 kwa siku moja. Wakulima wa mpunga wa Mwea huwajua vizuri, na wenye mtama na uwele pande zetu pia. Anayetaka kuwashinda hawafukuzi tu mchana kutwa kwa kombeo na debe. Hutazama jioni kundi linaelekea wapi, ili mahali pa malazi yake pajulikane na wenye kazi ya kuwaangamiza wapate habari kwa wakati.

Msomaji ataona kwamba kazi zote mbili huja saa za mwanga hafifu, alfajiri na magharibi. Mchana wa jua kali hata darubini mbovu huonyesha kitu. Jioni ndipo ubora na usafi wake hujulikana, na ili kuelewa sababu, yatupasa tutazame ndani yake kidogo.

Darubini ya bomba moja ilijulikana Uholanzi mwaka 1608, wakati fundi wa miwani aitwaye Hans Lippershey alipoomba hati ya kuimiliki. Zile za macho mawili tunazozijua leo zilikuja baadaye sana. Mwitaliano Ignazio Porro alipata mwaka 1854 hati ya njia ya kuupindisha mwanga kwa vipande vya kioo vyenye pembe, viitwavyo prisimu, ili picha isimame wima na bomba liwe fupi. Miaka 40 ikapita kabla kiwanda cha Carl Zeiss huko Jena, Ujerumani, hakijaanza kuziuza, mwaka 1894. Kwa hiyo mtu achunguliaye katika darubini hatazami kupitia kioo kimoja kama cha dirisha. Mwanga huingia katika kioo kikubwa cha mbele, hupita katika prisimu mbili, kisha hupita katika vioo vidogo vya upande wa jicho. Katika darubini ya kawaida kila bomba lina kama nyuso kumi za kioo zinazokutana na hewa.

Sasa, kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga. Ukipoteza kiasi hicho mara kumi, theluthi moja ya mwanga imekwisha potea kabla haujafika kwenye jicho. Dawa ya jambo hili iligunduliwa mwaka 1935 na Alexander Smakula katika kiwanda kile kile cha Zeiss: kukipaka kioo utando mwembamba mno, ambao unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ili mwanga upite badala ya kurudi. Utando huo ndio unaokipa kioo rangi ya zambarau au ya kijani kikiinamishwa kwenye mwanga. Wengine hudhani rangi hiyo ni uchafu wa mafuta, wakajaribu kuisugua iondoke. Naam, ukisugua sana itaondoka! Lakini ulichoondoa ni kile ulicholipia fedha nyingi kuliko kioo chenyewe.

Na kuna jambo jingine la kushangaza kidogo. Uchafu ulio juu ya kioo cha mbele hauonekani kama doa katika picha, kwa kuwa jicho haliwezi kuulenga ukiwa karibu kiasi hicho. Hutawanya mwanga tu, picha yote ikawa kama imetiwa maziwa. Weusi hauwi weusi tena, na kitu cheusi ng'ambo ya bonde kikafanana na kivuli. Chembe chache za vumbi hazifanyi hivyo. Alama za vidole, mafuta ya uso na mikwaruzo midogo elfu ndiyo hufanya. Kwa hiyo mwenye darubini huweza kukaa miaka akilaumu macho yake.

Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, darubini ilikuwa imeandikwa katika daftari la vifaa, na mbele yake kila mwisho wa mwaka karani alitia neno moja: Nzima. Na kweli ilikuwa nzima. Haikuvunjika popote, ukanda wake ulikuwapo, mkoba wake ulikuwapo. Lakini vioo vyake vya mbele vilikuwa vimefutwa kwa kitambaa cha meza tangu siku ya kwanza, na ukivitazama juani uliona mikwaruzo imezunguka kama utando wa buibui. Hakuna mtu aliyeona ndege kwa darubini ile. Askari waliichukua kwa sababu kanuni ilisema waichukue, wakairudisha, na karani akaandika tena Nzima. Nadhani daftari la namna hiyo lingefaa kuwa na safu ya pili, isemayo ni nini kinachoonekana.

Mikwaruzo ile ilitoka wapi? Wenye elimu ya mawe hupima ugumu kwa daraja kutoka 1 hadi 10, na almasi ndiyo ya 10. Kioo cha kawaida kimo katika daraja ya 5 na nusu hivi. Yale mawe meupe yang'aayo yaitwayo kwatzi, ambayo hata mtoto wa Gachoka huyaokota njiani, yana daraja ya 7. Na mchanga wa nchi yetu kwa sehemu kubwa ni kwatzi iliyosagika. Mtu anayefuta vumbi kavu kwa pindo la shati anakisugua kioo chake kwa kitu kilicho kigumu kuliko kioo, na shati lenyewe limekwisha beba vumbi jingine tangu asubuhi. Leso ya mfukoni si afadhali. Karatasi ya chooni pia haifai, kwa maana ni nyuzi za mti, nyingine zimetiwa manukato au unga.

Basi sheria ya kwanza ni hii: vumbi likiwa kidogo, liache. Halizuii kuona, wala halidhuru kitu likikaa kimya.

Likizidi, liondoe bila kuligusa. Igeuze darubini vioo vitazame chini, ili kinachobanduka kianguke ardhini na kisirudi mahali pake. Kisha pulizia hewa. Maduka ya picha huuza mpira wa kupulizia wenye mdomo mwembamba, lakini ule mpira mdogo wa duka la dawa utumiwao kuoshea masikio hufanya kazi ile ile kwa bei ndogo, mradi uwe mpya na mkavu. Usipulize kwa kinywa, maana utatia mate, na mate yana mabaki ya chakula. Baada ya hewa chukua brashi laini sana ya manyoya, ambayo haijapata kugusa rangi wala mafuta wala kidole chako, ukapige kwa wepesi kutoka katikati kwenda ukingoni. Brashi hiyo ikae ndani ya mfuko wake. Mwenzako akiiazima kufagilia kompyuta, mwachie kabisa, nawe ukanunue nyingine.

Hapo watu wengi wangeweza kusimama. Mara tisa katika kumi kazi imekwisha.

Mara ya kumi kuna alama ya kidole, au tone la mvua lililokauka, au jasho la kope. Haya hayaondoki kwa hewa. Vumbi likiwa limekwisha ondolewa, na si kabla, hohoa juu ya kioo pumzi nyepesi ya mdomo wazi, bila mate, mpaka kifunikwe na umande. Halafu pitisha kitambaa safi cha miwani, kile laini chenye nyuzi ndogo mno, kwa mviringo kutoka katikati kwenda nje, bila nguvu. Pumzi na mate ni vitu viwili mbalimbali, na asiyeweza kutoa kimoja bila kingine atumie maji. Maji yenyewe yawe yale yasiyo na chumvi yauzwayo kwa ajili ya betri za gari. Lakini soma karatasi ya chupa kwa makini, kwa maana mahali pale pale huuzwa asidi ya betri katika chupa inayofanana nayo. Maji ya kisima ya pande zetu, ambayo mengi yana chumvi, huacha alama nyeupe yakikauka.

Doa la mafuta lililokaidi huhitaji spiriti safi ya duka la dawa, tone moja au mawili. Tone hilo liwekwe juu ya kitambaa, lisiwekwe kamwe juu ya kioo. Neno hili ni la maana. Kioo hakikushikamana na bomba kama chungu na mdomo wake; pana mwanya mdogo ukingoni, na kimiminika kikimwagwa juu hutambaa na kuingia ndani, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki. Tena uangalie spiriti isiguse mpira wala rangi ya mwili wa darubini. Petroli, mafuta ya taa, dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na ile dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, vyote visisogezwe karibu. Vimoja huyeyusha plastiki, vingine hula utando.

Mwili wa darubini hauna matata. Kitambaa chenye unyevu kidogo chatosha. Vikombe vya mpira vya kuwekea macho ndivyo vichafu kuliko sehemu zote, kwa kuwa hukusanya jasho na vumbi pamoja. Kama vinatoka, vitoe, uvioshe kwa maji ya sabuni, uvikaushe kivulini. Gurudumu la kulengea likianza kulia kama kinu kidogo, ujue mchanga umeingia. Lipige kwa brashi na hewa. Usilitie mafuta ya kupikia wala ya pikipiki, ijapokuwa mkono utatamani sana kufanya hivyo. Mafuta mepesi hayakai yalipowekwa. Joto la mchana hueneza mvuke wake ndani ya bomba, ukatue juu ya prisimu, na hapo utakuwa umejipaka maziwa mwenyewe.

Nimesema habari ya kiangazi kirefu kidogo kwa sababu vumbi liko mbele ya macho ya kila mtu. Adui wa pili huja wakati watu wamefurahi, mvua zimenyesha mwezi wa Machi au wa Oktoba na hewa imelowa. Huyu ni ukungu, yaani kuvu ile ile iotayo juu ya mkate na viatu. Mbegu zake hazionekani, nazo ziko kila mahali. Zikipata giza, hewa yenye unyevu iliyosimama, na mafuta kidogo ya vidole kuwa chakula, huota juu ya kioo, hata kwa upande wa ndani, zikatoa nyuzi nyeupe kama za buibui. Nyuzi hizo hutoa asidi, na asidi hiyo hula utando kwanza na kioo baadaye. Ukungu ukiondolewa mapema huacha kioo kizima. Ukiachwa misimu miwili mitatu, fundi ataondoa nyuzi lakini alama zake zitabaki zimechorwa daima.

Na wapi tunapoitunza darubini wakati wa mvua? Katika mkoba wake wa ngozi, ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Mtu angetaka kuupa ukungu nyumba ya kuishi asingepata nyumba bora kuliko hiyo. Ngozi hushika unyevu na yenyewe ni chakula cha ukungu. Sanduku huzuia hewa. Na sakafu ya udongo hutoa unyevu usiku kucha, mbali na mchwa ambao hawatauliza mkoba ni wa nani. Mkoba wa ngozi ni wa safari. Nyumbani darubini ikae juu ya rafu, mahali pakavu penye hewa, ikiwa na vifuniko vyake vya vumbi tu.

Aliye na kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana afanye vizuri zaidi kwa kuiweka humo pamoja na vile vifuko vya punje za kukaushia viletwavyo ndani ya masanduku ya viatu vipya. Punje hizo hunywa unyevu. Zikishiba hazifanyi kazi, bali zaweza kukaushwa kwa moto wa polepole, juu ya bati safi, na kutumika tena. Zile za rangi ya buluu hubadilika kuwa za waridi zikishiba. Hizo zitengwe na watoto, kwa kuwa rangi yake ina sumu, na zisikaushwe katika chombo cha kupikia. Wengi hapa hutumia mchele wa Mwea. Mchele ule ni mtamu sana sahanini, lakini kazi hii hauiwezi. Hunywa unyevu kidogo tu, na unga wake huingia katika kila kiungo.

Jua pia ni dawa ya ukungu. Katika majira ya mvua, siku ya anga safi, itoe darubini uianike hewani muda wa saa moja, kivulini penye mwanga mwingi. Usiiache imelielekea jua lenyewe. Kioo kikubwa hukusanya jua katika nukta moja, nacho huweza kuunguza sehemu za ndani, hata kuwasha majani makavu au godoro. Na hapa ni lazima niseme jambo lisilohusu usafi. Asithubutu mtu kulitazama jua kwa darubini, hata kwa kupepesa jicho, hata wakati wa kupatwa kwa jua. Jicho lililoungua hivyo halisikii maumivu, wala halirudi. Watoto waambiwe kabla hawajaomba kuishika.

Namna ya kutafuta ukungu ni rahisi. Ngoja usiku, zima taa, kisha mulika kwa tochi kupitia kioo cha mbele huku ukichungulia kwa pembeni. Vumbi la ndani litaonekana kama nyota chache, nalo si kitu. Nyuzi zilizotandaa kama mizizi ndizo ukungu. Zikiwa upande wa nje zifute kwa spiriti kama nilivyoeleza. Zikiwa ndani, kazi yako imekwisha na ya fundi imeanza.

Nitakaa kidogo juu ya neno hili la fundi, kwa kuwa bisibisi ndogo imeua darubini nyingi za watu hodari. Kijana aliyeweza kufungua redio na simu na pikipiki huona skrubu nne ndogo, akadhani hiki nacho ni kitu cha kufunguliwa. Akikifungua hufaulu. Prisimu hutoka, hufutwa, hurudi mahali pake, na kila kitu hufungwa bila skrubu kubaki mezani. Lakini prisimu ikirudi imepinda kwa unene wa karatasi tu, mabomba mawili hayatazami tena mahali pamoja. Jicho la kuume linaona ndovu hapa, la kushoto linamwona pale. Ubongo hujitahidi kuwaunganisha, na kwa dakika chache huweza, ndiyo maana kijana husema imepona. Baada ya robo saa kichwa huanza kuuma, na mzee aliyekaa zamu ya kulinda shamba usiku kucha huona kichefuchefu asijue sababu.

Kuanguka huleta ugonjwa huo huo, na mtikisiko wa pikipiki pia. Ajuaye njia za Gachoka anajua maana yake. Darubini iliyofungwa nyuma kwenye kibebeo cha bodaboda hupigwa mara elfu kabla haijafika Kiritiri. Ile iliyovaliwa kifuani, ndani ya koti, hupigwa kidogo, maana mwili wa mtu ni springi njema. Ukanda uangaliwe mahali unapopita kwenye pete za darubini, kwa kuwa hapo ndipo hukatika.

Kipimo cha mabomba yaliyopishana kiko mbele yetu, wala hakina gharama. Zile nyaya nene za umeme zitokazo katika mabwawa ya mto Tana, kutoka Kindaruma hadi Kiambere, zimekatiza nchi yetu juu ya minara ya chuma. Simama imara, lenga mkono wa mlalo wa mnara mmoja, kisha isogeze darubini polepole mbali na macho yako kwa kiasi cha kiganja kimoja au zaidi, ukiendelea kuutazama. Ikiwa mstari ni mmoja, chombo chako ni kizima. Ikiwa mstari wa kushoto umepanda juu ya ule wa kuume kama ngazi, usihangaike nacho, kipeleke kwa fundi wa kamera na darubini mwenye chombo cha kupimia. Akisema bei ya kazi inazidi bei ya darubini mpya, mara nyingi husema kweli.

Lakini kabla ya kulalamika kwa fundi, hakikisha kwamba ulikuwa umeilenga sawasawa. Macho ya watu wengi hayalingani. Funika bomba la kuume, ulenge kwa jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati. Kisha funika la kushoto, ulenge kwa jicho la kuume kwa ile pete ndogo iliyo kwenye kioo chake. Alama ya pete hiyo uikumbuke. Katika darubini ya kushirikiana, kila mtu ajue alama yake mwenyewe, vinginevyo wa pili atasema wa kwanza ameiharibu.

Mvua ikiinyeshea darubini isiyozuia maji, ifute nje, ifungue vifuniko vyote, uisimamishe kivulini penye upepo siku moja au mbili. Moto wa jikoni haufai, kwa kuwa huigeuza tone la ndani kuwa mvuke. Zile zilizofungwa kabisa na kujazwa gesi ya naitrojeni hazina hofu ya mvua. Hizo hata zaweza kusuuzwa kwa maji yatiririkayo taratibu, na kwa mtu wa vumbi hakuna njia bora ya kuondoa mchanga kuliko hiyo. Lakini aitwae kwamba haizuii maji mpaka iwe imeandikwa hivyo. Tena atokaye alfajiri katika baridi ya upande wa mlima, akashuka mpaka joto la ukingo wa Kamburu, aiache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto. La sivyo itafunikwa na umande, naye ataanza kufuta.

Kwa wale ambao bado hawajanunua, nina maneno machache. Namba mbili zilizoandikwa juu yake, kama 8x40, maana yake ni kwamba hukuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 40. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata 5, nao ndio upana wa duara la mwanga liingialo jichoni. Kwa kazi ya jioni duara la 5 ni jema, na ile ya 7x50 hupita hapo ijapokuwa ni nzito shingoni. Zile zilizoandikwa kwamba hukuza mara 100, zikiuzwa kwa bei ya kuku wawili, zisikusumbue. Na zile zenye vioo vyekundu kama zulia hupendeza machoni pa mnunuzi, lakini wekundu huo ni mwanga unaorudishwa nje, yaani mwanga ambao umeulipia nawe hutaupata. Mwombe mwenye duka akuruhusu kutoka nayo mpaka barabarani saa kumi na mbili na nusu ya jioni, uutazame mti mweusi ulio mbali, uhesabu matawi yake. Akikataa, rudi kesho ukajaribu duka la pili.